OM617 yenye turbo: dizeli ya zamani ninayoiamini kuliko zote

Nimeendesha dizeli nyingi na kufungua nyingi zaidi, na sijaona injini ya turbo iliyotengenezwa kwa subira kama OM617 ya Mercedes-Benz. Silinda tano za mstari mmoja, ujazo wa lita 3, turbo ya Garrett ubavuni, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani ya silinda, na pampu ya dizeli ya Bosch. Iliingia sokoni ndani ya 300SD ya mwaka 1978, Marekani na Kanada tu, na hapo ndipo gari la kutembelea lenye dizeli ya turbo lilipotoka kiwandani kwa mara ya kwanza. Yangu ni toleo la baadaye, la nguvu za farasi 125, imefungwa kwenye 300TD Turbodiesel, ile steshenwageni ya kizazi cha W123.

Mwenye haraka atafute gari jingine. Ukikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, mwanzoni hupati kitu. Chini ya mizunguko 2,000 kwa dakika moshi unaotoka hautoshi kuisukuma turbo, kwa hiyo unaendesha dizeli ya kawaida iliyobeba gari zito. Ikishapita hapo, mambo yanabadilika. Msukumo unaingia taratibu, unakaza, na kwenye mizunguko 2,400 unazo nyutonimita 250. Mlima mrefu, gari limejaa watu na mizigo, ndio unaoonyesha thamani ya injini hii: mwendo hauporomoki, mshale wa joto unapanda kidogo kisha unatulia. Kutoka 0 hadi 100 ni sekunde 15 hivi, na mwisho wake ni kilomita 165 kwa saa. Kulipita lori kunataka hesabu: unakanyaga mapema, unasubiri turbo iamke, ndipo unatoka. Ukishazoea, mguu unafanya wenyewe.

Kwa nini walihangaika kuitengeneza? Sheria ya Marekani ya mwaka 1975, iliyokuja baada ya mafuta kupanda bei, iliwataka watengenezaji wafikishe wastani wa maili 18 kwa galoni kwa magari yao ya mwaka 1978, yaani takribani lita 13 kwa kilomita 100. Kampuni inayouza magari makubwa ya petroli ilihitaji dizeli ya kushusha wastani wa mafuta yanayoliwa. Dizeli ya silinda tano walikuwa nayo tangu 1974, lakini ilitoa nguvu za farasi 80 tu, na ukiifunga kwenye gari kubwa la daraja la S mteja angelirudisha wiki hiyohiyo. Turbo lilikuwa wazo la zamani: Mswisi Alfred Büchi alilisajili mwaka 1905, na meli na malori yalishaitumia kwa miaka mingi. Ugumu wa gari dogo ni kwamba mizunguko yake inapanda na kushuka kila dakika. Turbo kubwa inachelewa kuamka; ndogo inaamka upesi lakini juu inajaza hewa kupita kiasi. Ndiyo maana hii ina valvu ya kupitisha moshi pembeni hewa ikishatosha.

Kinachonifurahisha ni namna walivyoijaribu. Waliichukua injini hiyohiyo ya silinda tano, wakaiongezea turbo na kipoza hewa mpaka ikafika farasi 190, wakaifunga kwenye gari la majaribio la C111 na kulipeleka Nardò, Italia, kwenye barabara ya duara yenye mzingo wa zaidi ya kilomita 12. Juni 1976 gari lilizunguka pale saa 60, madereva wakipokezana, kwa wastani wa kilomita 252 kwa saa. Mwaka 1978 walirudi na injini ya farasi 230 na bodi jembamba zaidi, wakakaa juu ya kilomita 310 kwa saa kwa muda wa saa 12, dizeli ikiliwa kama lita 16 kwa kila kilomita 100. Fundi yeyote anajua maana ya saa 60 bila kupumzika. Kinachotaka kupasuka kitapasuka.

Ukiifungua injini ya barabarani unayaona mafunzo yale kwa macho. Kila pistoni ina nozeli yake ya oili inayoirushia kutoka chini ili ipoe. Valvu za moshi zina sodiamu ndani, inayoyeyuka na kulitoa joto kichwani mwa valvu. Krankishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, imekomazwa, pampu ya oili imeongezwa uwezo, na oili ina rejeta yake. Nguvu zenyewe waliziachia kidogo tu, na hata kipoza hewa hawakukiweka. Wangeweza kuuza farasi 150 wakapata sifa kwenye magazeti. Waliuza 115 kwanza, kisha karibu 125, na kwa uamuzi huo ninazikuta hadi leo zinafanya kazi bila kufumuliwa. Siku hizi kuna watu wanafunga turbo juu ya injini ambayo pistoni zake hazikuandaliwa, halafu wanalaumu dizeli inapotoboka pistoni. Inaniuma kuona hivyo.

Matunzo yake ni ya mikono. Nafasi za valvu zinarekebishwa kwa spana na filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, injini ikiwa baridi: milimita 0.10 upande wa hewa, 0.35 upande wa moshi. Usipofanya hivyo, asubuhi itawaka kwa shida na utaanza kubadilisha plagi za kupashia joto bila sababu. Oili usiicheleweshe, kwa kuwa shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inaelea juu ya oili hiyohiyo ya injini. Baada ya kupanda mlima kwa nguvu, iache iungurume kidogo kabla ya kuzima.

Kuna kitu kimoja kinachowasumbua wengi. Juu ya pampu ya dizeli kipo kifaa kinachoitwa ALDA, ambacho kinapima msukumo wa turbo ili pampu ijue iongeze dizeli kiasi gani. Msukumo huo kinaupata kwa bomba jembamba kutoka kwenye manifoldi ya hewa, na tundu lake huziba masizi. Likiziba, pampu inadhani turbo haifanyi kazi, gari linakuwa zito kama limefungiwa tela. Watu wamenunua turbo mpya kwa ajili ya tundu ambalo ungelizibua kwa waya na dawa ya kusafishia breki. Anza hapo kila mara.

Kuzima nako kuna namna yake. Ukigeuza funguo, pampu inafungwa kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa, inayopita kwenye vibomba vya plastiki, na vakyumu hiyohiyo ndiyo inayofunga milango. Bomba likipasuka mahali fulani, injini inaweza kuendelea kuunguruma funguo ziko mfukoni. Fungua boneti, bonyeza wenzo ulioandikwa STOP, halafu tafuta panapovuja.

Kasoro ambayo siwezi kuitetea ni moshi. Dizeli inachomwa kwanza kwenye chumba kidogo pembeni ya silinda, mfumo unaopunguza kelele lakini unaopoteza joto na kula mafuta zaidi. Hakuna chujio la masizi. Ukikanyaga ghafla wanaokufuata wanaliona wingu jeusi, na mapafu yao hayajali kwamba injini yako ina historia. Kwa mtu anayezunguka mjini siku nzima, nasema wazi: usinunue.

Zilizofuata zilikwenda mbali zaidi. Peugeot walileta 604 ya turbo mwaka 1979, ya kwanza kuuzwa Ulaya. Fiat Croma ya 1988 ilipiga dizeli moja kwa moja ndani ya silinda, Audi wakafuata mwaka 1989 na 100 TDI ya lita 2.5 yenye farasi 120, na Alfa Romeo 156 JTD ya 1997 ikaleta reli moja ya shinikizo kubwa inayolisha nozeli zote. Zote zinatumia mafuta kidogo kuliko yangu, na ile ya Alfa ni tulivu ajabu. Kwa matumizi na ukimya nazipa ushindi. Kwa kuelewa ninachokigusa nikiwa na spana mkononi, nabaki na hii.

Ukiwa unataka kununua, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini, iwe baridi kabisa. Subiri taa ya njano ya plagi za kupashia joto izime ndipo uwashe, na usikilize: inatakiwa iwake mara moja, silinda zote tano. Ikishapata joto, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiache palepale juu ya tundu. Kikitikisika tu, sawa. Kikirushwa pembeni, ringi za pistoni zimekwisha. Kisha panda mlima ukiwa wewe ndiye unayeendesha, na utazame moshi nyuma kwenye kioo. Ukifika ukakuta injini tayari imewashwa na ina joto, mshukuru mwenye gari na urudi asubuhi nyingine.