Uzoefu wangu: Tamasha la kula mboga Phuket, bila nyama wala kitunguu

Wenzangu wa Pwani msiokula nyama mnayajua haya. Unaalikwa harusini, unasema nyama huli, unaambiwa, "Basi chukua kuku." Ukikataa kuku unaletewa wali uliochotwa pembeni mwa sufuria ya biriani, umeshalowa rojo la mbuzi, na aliyekuletea amekusimamia akingoja shukrani. Kwa hiyo niliposikia kuna mji ambao kwa siku tisa mitaa mizima hupika bila nyama, bila samaki, bila yai wala maziwa, nilianza kuweka pesa. Nikamshawishi na wifi yangu, ambaye nyama anaila na anaipenda, maana nilitaka mtu wa kunisuta nikianza kusifia kupita kiasi.

Mji wenyewe ni Phuket, kwenye kisiwa cha jina hilohilo kusini mwa Thailand. Tamasha huangukia siku tisa za mwanzo wa mwezi wa tisa katika kalenda ya Kichina, hivyo tarehe huhama kila mwaka; mara nyingi ni mwisho wa Septemba au Oktoba. Inasimuliwa kwamba lilianzia Kathu, wilaya ya kisiwa hichohicho, mwaka 1825, enzi za machimbo ya bati. Kikundi cha opera kilitoka China kuja kuwatumbuiza wachimbaji Wachina wenzao, wasanii wakashikwa na homa, wakaacha nyama na kuomba kwa miungu yao tisa ya kifalme, wakapona. Watu wa Kathu wakaifuata desturi ile, na mpaka leo mahekalu ya Kichina ndiyo yanayoendesha shughuli yote. Hili si soko la chakula lililobuniwa kwa ajili ya watalii. Ni ibada ya watu, na chakula kinatokana na ibada hiyo. Ukilielewa hilo mapema utaelewa kwa nini kanuni zinashikwa barabara: vyombo visivyochanganywa na vya nyama, pombe marufuku, watu wamevaa meupe toka utosini hadi miguuni.

Kabla sijafika kwenye sufuria, moja la safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiiache nyumbani. Sisi tunaotoka Kenya, na jirani zetu wa Tanzania na Uganda, tunapitia dawati la afya kwanza kabla ya uhamiaji. Kuna abiria mwenzetu aliyekuwa ameitia kadi yake kwenye sanduku lililokwenda mizigoni, na tulimwacha palepale akijieleza.

Tulipanga chumba ndani ya mji wa zamani, kwenye zile nyumba za ghorofa zenye baraza za matao. Mkifika msikae ufukweni. Fukwe ziko mbali na mambo yote, na teksi zitawamaliza. Kitovu cha chakula ni Barabara ya Ranong, karibu na hekalu la Jui Tui, ambako vibanda hujipanga pande zote mbili na kila kimoja kimetundika bendera ya manjano yenye herufi nyekundu. Bendera hiyo ndiyo kila kitu. Ukiiona, chakula kilichopo hakina kitu cha mnyama. Hata kwenye maduka ya 7-Eleven utaikuta alama hiyohiyo imebandikwa kwenye vyakula vya pakiti.

Sasa, kitunguu. Kanuni za tamasha zinakataza jamii ya vitunguu yote: vitunguu maji, vitunguu saumu, vile vya majani, pamoja na tumbaku, kwa kuwa inaaminika vinaamsha matamanio ya mwili. Mimi nimelelewa katika jiko ambalo sauti ya kwanza ni kitunguu kikiingia kwenye mafuta. Mpishi wa kwetu ukimwambia aanze mchuzi bila kitunguu na bila thomu atakuuliza kama unaumwa. Nilikwenda nikiamini nitakula chakula baridi cha wagonjwa.

Nikasimama kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akipika mchuzi mwekundu wa boga na tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini), nikamtazama mwanzo mpaka mwisho. Hakuanza na mafuta. Alianza na tui zito, akaliacha lichemke taratibu mpaka likakatika, mafuta ya nazi yakaelea juu. Kwenye mafuta hayo ndipo alipotia viungo vilivyopondwa kinuni: pilipili nyekundu kavu, mchaichai, kipande cha mzizi wa jamii ya tangawizi, maganda ya ndimu yao yenye mikunjo. Akavikaanga mpaka harufu ikavuka barabara. Halafu tui jepesi, boga, tofu, na mwisho majani ya ndimu ileile, yamechanwa kwa vidole. Chumvi haikuwa chumvi; ilikuwa sosi ya soya mahali ambapo siku nyingine angetia sosi ya samaki. Kwenye supu wanazidisha uyoga uliokaushwa, na uyoga ule unafanya kazi ambayo kwetu tumeikabidhi mifupa.

Nilikula nikatafuta pengo la kitunguu sikuliona. Wifi alikula kimya, na wifi si mtu wa kula kimya.

Kwa jambo hili moja naiona nauli yangu imerudi. Sisi tunaotetea chakula cha mimea mara nyingi tunapika vyakula vya wenye nyama kisha tunatoa nyama, tunabaki na shimo katikati ya sahani. Hawa wameondoa nyama, mayai, maziwa, sosi ya samaki, kamba wa kuchachusha, wakaondoa na kitunguu juu yake, na bado kila sufuria ina ladha yake. Wanajua ladha inajengwa na nini. Niliporudi nilijaribu njia ile ya kukaanga viungo kwenye mafuta ya tui: mbaazi za nazi zilikubali vizuri sana, mchicha ulikataa kabisa.

Upande wa vitamu, mtu wa Pwani yuko nyumbani. Siku tuliyofika, wifi alitangulia mbele kidogo kisha akanipigia kelele, "Wifi, njoo uone vitumbua!" Havikuwa vitumbua, lakini ndugu zake ni. Huitwa khanom krok. Chuma kilekile chenye vishimo, unga wa mchele na tui, moto wa mkaa chini. Tofauti ni kwamba hawatii hamira wala iliki, na hutia uji mara mbili: wa chini una chumvi kidogo, wa juu ni tui tamu linalobaki laini kama halijaiva. Hawavigeuzi, wanavifunika, kisha wanabandika viwili uso kwa uso. Siku za kawaida huwekwa kitunguu cha majani juu, siku za tamasha huwekwa mahindi au vipande vya jimbi. Hatua chache mbele, ndizi mbivu za nazi, na boga la nazi. Vilevile! Sukari, chumvi kidogo, tui. Bahari ni moja na minazi ni ileile, sikushangaa sana, lakini kula ndizi za nazi za Ramadhani pembeni ya hekalu la Kichina ni jambo la kumpigia mtu simu.

Nyama za bandia nazo zipo tele, na najua kuna watu watakwenda kwa ajili hiyo. Kinachotumika zaidi ni gluteni: kinyunga cha ngano kinaoshwa kwa maji mpaka wanga wote utoke, kinabaki kitu kama ufizi ambacho hukandwa na kutiwa rangi. Wanatengeneza bata mwenye ngozi yenye vitone, soseji, hata nyama yenye mistari ya mafuta. Bata nilimkubali, ingawa nadhani niliyemkubali ni ile sosi. Kamba wa konjaki, yaani wa unga wa kiazi fulani cha Asia, wale wekundu waliojikunja, ni mpira wa kutafuna. Kwa ufundi wa macho nawapa mia kwa mia. Kwa ulimi, mimi sikuacha nyama ili niitafute kwa mlango wa nyuma. Wifi, mla nyama wetu, ndiye aliyepita mbali na vibanda hivyo akisema bora ale tambi. Tambi zile nene za Kihokkien, yaani za Wachina wa kusini, za siku hizo hazina yai, zikikaangwa kwenye moto mkali na kabichi na uyoga, ni kweli ni bora.

Kuhusu maandamano ya asubuhi sitasema mengi. Kila hekalu lina siku yake ya kupita mjini, mapema kabla ya jua kuwa kali. Mbele wanapita watu waliopandwa na miungu, viti kama tunavyosema kwetu, wamejitoboa mashavu kwa panga na vyuma virefu. Niliangalia kidogo, nikaona imetosha, nikarudi kwenye chai ya soya. Ukiwa na watoto fikiria mara mbili. Na baruti! Zinarushwa miguuni mwa wapitaji kwa mafungu, moshi mzito, masikio yanalia mpaka jioni. Nunua vizibo vya masikio na barakoa. Pia zipo kanuni za hekalu zinazowataka wenye msiba, wajawazito na wanawake walio katika siku zao wasihudhurie ibada. Zimeandikwa wazi, ziheshimuni.

Mtaniuliza kuhusu halali, kwa hiyo nijibu kabisa. Nyama hakuna na pombe hakuna, kwa hiyo wasiwasi mkubwa umeondoka. Lakini kuna chakula kinachowekwa mbele ya miungu kwanza kisha kugawiwa watu, na jikoni mwa hekalu wanagawa kwa ukarimu mkubwa. Mimi hicho sikula. Nilishukuru kwa mikono miwili na kununua vya vibandani, na hakuna aliyenuna. Dera jeupe na mtandio mweupe vilitosha kabisa kwa mavazi. Kisiwani Waislamu si wachache na migahawa yao ipo, ila hiyo ni ya nyama na samaki, haikunihusu.

Kasoro zipo. Vitu vya kukaanga ni vingi mno: majimbi, tofu, mahindi, sambusa za karatasi nyembamba, uyoga, vyote ndani ya mafuta, na ukifuata pua yako tu utalala na kiungulia. Sukari nayo hawaionei huruma. Mifuko ya plastiki inatisha, hasa kwa sisi tuliokwishazoea kuishi bila hiyo. Kila kijiko cha mchuzi kina mfuko wake. Maandishi karibu yote ni ya Kithai, kwa hiyo mwenye mzio wa soya, ngano au njugu aende na mtu anayejua lugha au aandikiwe karatasi, maana vitu hivyo vitatu viko kila mahali. Na bendera nayo si kinga nje ya mji. Mgahawa mmoja wa ufukweni ulikuwa umeitundika vizuri kabisa, nikaletewa supu inanuka sosi ya samaki. Nilipouliza, kijana aliyetuhudumia akacheka, akairudisha. Karibu na mahekalu jambo hilo halikunitokea.

Bei ndiyo sehemu tamu nyingine. Sahani ya wali na mboga mbili nililipa baht 50, yaani kama shilingi 200 za Kenya. Khanom krok baht 30 kwa sahani. Nimewahi kulipia baga ya dengu Nairobi mara tano ya hapo, na ilikuwa kavu.

Nikitoa nyota: chakula tano kamili, bei tano, utulivu moja, na hiyo moja ni ya saa za alasiri. Chakula bora kinatoka asubuhi na mapema, na tena jua likishazama. Mchana vibanda vingi vinauza kilichobaki. Vyumba vya mji wa zamani hujaa mapema, kwa hiyo tazameni kwanza kalenda ya Kichina kabla ya kukata tiketi. Na kama panga za mashavuni na baruti hamziwezi, tamasha hilohilo huadhimishwa siku zilezile Bangkok pia, Yaowarat, mtaa wa Wachina, na huko bendera za manjano ni zilezile lakini shughuli kubwa ni kula.