Zero na Chu II: miezi mitano na eafoni mbili za bei moja

Mimi ni mpiga besi. Si wa kutajwa redioni: mchana niko ofisini, Jumamosi niko mazoezi ya kwaya, na mara mojamoja huitwa kuziba pengo kwenye bendi ya harusi. Nyimbo nazishika kwa sikio. Napewa jina la wimbo Alhamisi, Jumamosi natakiwa niwe nimeshika kila kona yake, na noti za kusoma hakuna. Kwa hiyo eafoni kwangu ni kitendea kazi, kama plaizi kwa fundi umeme.

Nilikuwa na zile zisizo na waya, na kwa kusikiliza tu hazina neno. Shida inakuja ukichomeka gitaa ujisikilize mwenyewe. Bluetooth inachelewesha sauti kidogo. Kwenye filamu simu inaichelewesha na picha ili viende sawa, lakini kidole hakicheleweshwi. Umeshagusa waya, umeshauachia, ndipo noti inakufikia. Utapiga nyuma ya ngoma mpaka kuche. Nikaamua kurudi kwenye waya.

Jirani yangu ana duka Kariakoo na huenda Guangzhou kufuata mzigo. Nilimtumia majina mawili ya eafoni za waya, 7Hz Salnotes Zero na Moondrop Chu II, nikamwomba aniletee atakayoiona kwanza. Akarudi na zote. "Bei yenyewe moja, mdogo wangu, mimi ningechaguaje? Tumia zote, moja utauza." Kila moja huuzwa karibu dola 20 za Marekani. Mimi zilinifikia kwa elfu hamsini na kitu kila moja, ukiacha chakula cha mchana cha kumshukuru. Ile ya kuuza haijauzwa, na huu ni mwezi wa tano tangu zifike.

Ukisoma maboksi utadhani ni pacha. Kila upande una spika moja tu ya milimita 10. Waya unapita juu ya sikio, na unachomoka kwa pini mbili za milimita 0.78, kwa hiyo waya wa hii unaingia kwenye ile bila tatizo. Vazi ndilo tofauti. Zero ni plastiki yenye bamba la chuma usoni, nyepesi kiasi kwamba nimewahi kulala nayo. Chu II ni chuma kilichopakwa rangi nyeusi na kuchorwa nakshi za dhahabu, na asubuhi ukiivaa inakuwa ya baridi sikioni. Raha ndogo hiyo, na kwa joto letu la Februari naihesabu.

Usiku wa kwanza niliipa Chu II ushindi ndani ya dakika tano. Nilikuwa nimekosea, tena mara mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa la sauti kuwa juu. Watengenezaji wa Chu II wameandika omu 18 za ukinzani wa umeme na desibeli 119 za ukubwa wa sauti kwa volti moja. Wa Zero wameandika omu 32 na desibeli 108. Maana yake, ukiiacha sauti ya simu pale pale ukabadilisha eafoni tu, Chu II inapiga kwa nguvu zaidi. Na sikio ni limbukeni. Likipewa vitu viwili hupenda kile chenye kelele, kisha huanza kutafuta sababu za kistaarabu za kukipenda. Kesho yake nilipandisha Zero hatua tatu kwenye simu mpaka mwimbaji akalingana kwenye zote mbili, na ule ushindi wa dakika tano ukanywea.

Kosa la pili lilinila wiki mbili nzima. Zero haikuwa na besi. Sisemi ilikuwa ndogo, haikuwepo. Gitaa langu mwenyewe nililisikia kama mtu anakwaruza sufuria kwa kucha. Nilishaanza kuandika tangazo la kuiuza, na nilishajiambia kwamba wote walioisifu walikuwa wanasifiana tu. Jioni moja, nikiwa nimeishika ya kulia ili isidondoke wakati navua fulana, nikaisukuma ndani kidogo. Besi ikarudi yote kwa mpigo, kama umeme uliokuwa umekatika.

Kumbe tatizo lilikuwa kipira, kile kifuniko laini kinachoingia kwenye tundu la sikio. Eafoni za aina hii zinategemea tundu la sikio kuzibwa sawasawa. Pakibaki upenyo, hata mdogo kama unywele, sauti nzito ndizo zinazotoroka kwanza, halafu zile za juu zinabaki peke yake zikipiga kelele. Sikio langu la kulia ni kubwa kuliko la kushoto. Nimeishi miaka zaidi ya thelathini bila kulijua hilo. Vipira vya ndani ya boksi la Zero nilivijaribu vyote, kulia bado pakawa na mwanya. Kilichoziba ni kile kikubwa kilichotoka kwenye boksi la Chu II. Basi Zero yangu inavaa kipira chake cha kati kushoto, na kulia imeazima cha mwenzake.

Namna ya kupima ni rahisi na haihitaji muziki. Vaa, kisha sema neno lolote kwa sauti ya kawaida. Likivuma kichwani kana kwamba umeingiza uso kwenye mtungi, pameziba. Ukijisikia kama kawaida, rudi kwenye vipira. Mimi nilichokuwa nimekiandika kwenye daftari kuhusu Zero kwa siku 14 nilikichana, nikaanza upya.

Nyimbo ninazopimia ni za dansi, zile zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980, enzi za NUTA Jazz na Mlimani Park. Bendi nzima imo chumbani, na besi mara nyingi imejibanza nyuma ya magitaa. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, lakini kwenye kanda hizi hiyo 41 yenyewe mara nyingi ni hafifu. Unachoshika ni wajukuu zake, ile mitetemo ya mara mbili na mara tatu inayotoka nayo, 82 na 123, na ubongo unajaza baki.

Chu II inakusaidia kujaza. Besi inakuja nene, ina joto, inakaa kifuani, na wimbo uliorekodiwa kabla sijazaliwa unasikika kama bendi iko sebuleni. Kwa kusikiliza, naipenda mno. Zero haikupi unene huo. Inakupa mwanzo na mwisho wa noti: kidole kinagusa waya, noti inatoka, halafu inakatwa, na unasikia hasa ilipokatwa. Kwa asiyepiga besi hiki ni kitu kidogo. Kwa mpigaji, pale unaponyamaza ndipo wacheza dansi wanapokanyaga.

Kuna wimbo mmoja tunaupiga karibu kila harusi. Ukifika kwenye chemko, pale solo na rithimu vinaanza kukimbizana, mimi nilikuwa naweka noti moja ya kuvukia kabla ya kurudi mwanzo. Nimeipiga hiyo noti miaka minne. Na Zero masikioni, nikiwa nimekaa kitandani na gitaa, nikasikia kwamba mpiga besi wa kwenye kanda hapo hapigi kitu. Amenyamaza. Ile niliyoidhani noti yake ni tumba. Nilirudisha mara kumi hivi, nikacheka peke yangu. Nikavaa Chu II nijiridhishe, na kweli, ukishajua unaisikia hata huko. Lakini miaka minne sikuisikia kwa spika yoyote, na sidhani Chu II ingeniambia yenyewe.

Sasa upande wa pili. Ndani ya daladala Zero inapoteza nusu ya hoja zake. Mngurumo wa injini unakaa pale pale besi inapokaa, na kwa kuwa Zero haina besi ya kumwaga, injini inashinda. Chu II inastahimili. Tarumbeta nazo, ukikaa nazo saa nzima kwa sauti ya juu kwenye Zero, zinaanza kutoboa; kwenye Chu II zinang'aa bila kuuma. Bongo Fleva na amapiano sina haja ya kueleza, ni Chu II tu. Jaribio la kuipandishia Zero besi kwenye ikwalaiza ya simu linakubali, inabeba bila kukoroma, ila mimi nikishaanza kuchezea ikwalaiza sifanyi tena mazoezi.

Wanaoandika kuhusu eafoni hupenda kuzungumzia upana wa jukwaa, nani amesimama wapi kushoto na nani kulia. Kwa eafoni za bei hii, zote mbili zinanipa bendi iliyobanana kwenye paji la uso. Nimeshazoea.

Mambo mawili ya simu. Yangu haina tundu la eafoni, nikalazimika kutumia adapta ya Taipu-C. Ya kwanza niliyookota mtaani ilikuwa na mvumo mdogo nyuma ya kila kitu, na Chu II, kwa kuwa inaitikia haraka, iliuanika wote, wakati Zero iliuficha. Nilidhani Chu II imeharibika mpaka nilipobadilisha adapta. La pili, nilisahau kumwambia jirani alete zenye maiki. Simu ikiita, nasikia vizuri kabisa huku nimeishika mbele ya mdomo kama biskuti.

Jasho nalo lina lake. Pua ya Chu II, ule mdomo unaovishwa kipira, ni ya shaba na inafunguliwa kwa kuizungusha, kwa hiyo chujio lake likiingia uchafu unaweza kulibadilisha. Kwa mtu anayetembea kwa mguu kutoka kituoni, hilo ni jambo la maana. Zero naifuta kwa kitambaa kikavu, na ukweli haitoki sana. Inakaa kwenye mfuko wa gitaa. Hivyo ndivyo zilivyogawana kazi bila mimi kupanga: moja haipandi basi, nyingine haigusi gitaa.

Wiki iliyopita mdogo wangu wa kike alikuja kusalimia, akaikuta Chu II mezani, akaivaa. Hakuuliza omu wala desibeli. Akafumba macho, akatikisa kichwa, akasema, "Kaka, hii naondoka nayo." Nikatafuta neno la kumzuia nikalikosa, maana kazi zangu zote nazifanya kwa ile nyingine. Nikampa na kimfuko chake, na vipira vilivyobaki kwenye boksi. Akavihesabu, akasema kimoja kikubwa hakipo.

Nikamwambia hicho asikitafute.