Buni kavu ya Brazil kwa euro 14: uzoefu wangu

Nianze na bei, anayetaka kukasirika akasirike mapema: euro 14 kwa paketi ya gramu 250. Naishi Hamburg, na hela hiyo inakaribia kununua kilo nzima ya kahawa ya kawaida dukani. Nilichukua kwa wakaangaji wadogo wa mtaani kwetu, kwa sababu ya mstari mmoja tu kwenye lebo: kahawa hii imeanikwa na ganda lake.

Mliokulia kwenye kahawa mnajua maana yake. Kwetu Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hiyo ndiyo buni. Kahawa ya maana unachuma nyekundu, unaimenya siku hiyo hiyo, unaivundika, unaiosha, ndipo unaianika kichanjani. Zilizokaukia mtini, zilizodondoka, zilizotobolewa na wadudu, hizo ndizo zinazoanikwa zilivyo, na bei yake inatia huruma. Wakenya wanaiita mbuni, na kwao haina heshima zaidi. Leo mtu ananiuzia buni kwa euro 14, tena anajivunia!

Lebo inasema shamba ni la familia moja huko Mantiqueira de Minas, milimani kusini mwa jimbo la Minas Gerais, mita 1,250 juu ya usawa wa bahari, alama 86. (Kahawa huhesabiwa ya daraja maalumu ikifikisha 80 kwa 100.) Familia yenyewe ina hekta 40. Bibi yangu alisomesha watoto kwa kihamba cha ekari moja, migomba ikiwa humo humo, sasa yeye sijui tungemwandikia nini kwenye lebo.

Ila nimekuja kuelewa kwa nini buni yao si buni yetu. Mavuno ya kule huenda kuanzia Mei hadi Septemba, na hicho ndicho kipindi chao cha baridi kavu, mvua karibu hakuna. Matunda yaliyoiva yanatandazwa juani, yanageuzwa kutwa nzima, yanakauka kabla hayajaoza, na punje inakaa wiki kadhaa ndani ya utamu wa nyama yake. Jaribu hivyo kwenye ukungu wetu wa mlimani uone. Halafu Mantiqueira ni miteremko, si kama tambarare za Cerrado ambako mashine inapita mstarini na kukung'uta mibuni. Hapa ni mikono.

Aina ni Bourbon ya njano, yaani tunda likiiva linakuwa njano badala ya jekundu. Bourbon ni ndugu yetu: mbegu yake ilitoka kisiwa ambacho leo kinaitwa Réunion, na wamisionari wa Kifaransa ndio walioifikisha Bagamoyo, kisha Kilema, huko kwetu Kilimanjaro.

Sasa kikombe. Kufungua paketi tu, nikapigwa na harufu ya ndizi mbivu zilizochemshwa zikisubiri kuwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Sitanii. Nikasaga gramu 15 kwa kinu cha mkono, maji gramu 240 ya nyuzi 92, nikachuja kwa karatasi. Karanga za kukaanga kwanza, kisha chokoleti, mwishoni sukari guru. Kahawa ya Kilimanjaro inakukwaruza ulimi kidogo kama limau. Hii imetulia, nzito, inakaa mdomoni kama uji. Ikipoa inageuka zabibu kavu, na hapo ndipo ninapoipenda zaidi. Embe lililoandikwa kwenye lebo sijaliona hata kwa darubini.

Nilijaribu pia kuichemsha na tangawizi kama kahawa chungu ya Pwani. Msirudie kosa langu.

Lawama ninayo moja, na ni ya muuzaji. Paketi ya pili niliagiza kwa posta, ikafika imekaangwa zaidi ya miezi mitatu nyuma. Ilikuwa imekufa: ukimwaga maji haitoi hata povu, ladha ya kadibodi. Walinibadilishia, lakini baada ya barua pepe mbili na wiki mbili za kusubiri. Kwa bei ile, tarehe ya kukaangwa iandikwe tovutini kabla mtu hajalipa.

Hiyo waliyonibadilishia nilipanda nayo Marangu Desemba. Mama akafungua, akanusa, akasema, "Hawa wamechelewa kuimenya."

"Hawakuimenya kabisa, mama."

Akanitazama kama mtu aliyetapeliwa. "Na umelipa shilingi ngapi?"

Nikataja nusu ya bei, bado akaguna. Akanywa vikombe viwili bila sukari, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akafunga paketi na kuiweka kwenye kabati lake. Nilirudi Hamburg bila hiyo kahawa.