Kamba ya Mbwa ya Mita 5: Nyota Mbili, Moja Ni ya Rangi

Niliinunua mjini, duka la vifaa vya mifugo, shilingi 1,850 baada ya kuvutana kutoka 2,200. Ni ile ya kujikunja: kishikio cha plastiki mfano wa mpini wa pasi, ndani yake springi, na kamba nyembamba inayotoka mbwa akienda, ikarudi yenyewe mbwa akirudi. Mita 5, rangi ya chungwa, inaonekana hata alfajiri. Muuzaji alinionyesha: bonyeza hapa inafunga, achia inalegea. Pale dukani, mbwa hayupo, ilifanya kazi vizuri sana.

Mbwa wangu anaitwa Biskuti. Ni mbwa wetu hawa wa mtaani, kilo 19, masikio moja juu moja chini. Tunaishi Mtopanga, ploti ya nyumba nane na geti moja. Mwenye nyumba alikubali nimfuge kwa masharti matatu: kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa isipitwe na tarehe, kinyesi nikiokote mwenyewe, na asikanyage nje ya geti bila kamba. Nilidhani ananionea. Aliyenituliza ni daktari wa mifugo aliyemchanja Biskuti. Aliniambia Kenya ina sheria nzima ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, tena serikali imejiwekea mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuhakikisha hakuna mtu anayekufa kwa ugonjwa huo. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa eneo, ugonjwa hukosa njia. Na mbwa aliyefungwa kamba hapigani ovyo na koko wa jalalani, kwa hiyo hang'atwi. Akaongeza, huku akifunga sanduku lake, kwamba mtu aking'atwa na mbwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 kwanza, halafu ndipo akimbilie hospitali kwa sindano. Mimi nilikuwa najua pilipili na mafuta taa. Tumelelewa vibaya.

Basi nikaona kamba ya mita 5 inatosha sheria zote. Mbwa amefungwa, na bado ana uhuru wake.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Nilichelewa kutoka kazini (mimi ni fundi wa friji, na joto la Mombasa halina ratiba), nikamtoa Biskuti kama saa sita na nusu mchana, saa mbaya kabisa, watu wanakwenda msikitini. Kwenye uchochoro wetu akatangulia. Mita moja, mbili, nne. Mbele alikuwa anapita mzee mmoja jirani, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata. Nikabonyeza kitufe. Kitufe kikaingia, kamba haikufunga. Chembe za mchanga zilikuwa zimeshaingia ndani. Nikaishika kamba kwa mkono, ikanipitia kidoleni kama uzi wa mishipi, alama ninayo mpaka leo. Biskuti, ambaye hajawahi kumtisha mtu, akafika, akatingisha mkia, akalamba pindo la kanzu ya mzee. Akalamba mara mbili, kwa mapenzi yake yote.

Kwa wasiotoka Pwani nieleze. Majirani zangu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito. Udhu hauvunjiki, mzee mwenyewe alinifafanulia baadaye, lakini nguo ile haifai kusalia mpaka ioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Na adhana ilikuwa imeshasikika.

"Niwie radhi, mzee wangu," nilisema, kidole kinavuja damu.

Hakunifokea. Alitazama kishikio mkononi mwangu, akatazama kamba yote iliyolala chini, akasema, "Mwanangu, kamba yako ndefu kuliko adabu yako." Kisha akamwita mjukuu wake. Mtoto akaja na ndoo na kopo, akachota udongo kwenye debe la mlangilangi, akauchanganya na maji, akalipaka pindo na kulisugua, halafu akaanza kumimina huku akihesabu kwa sauti. Alipofika nne akasahau, akarudia tatu. Babu akasema, "Nne." Mimi nimesimama pembeni nimemkumbatia mbwa wa kilo 19 kama mtoto mchanga, maana kamba nayo ilikuwa imekataa kurudi ndani.

Hapo ningeitupa. Lakini 1,850 ni pesa, kwa hiyo nikaifungua, nikaisafisha, nikaipaka grisi. Ikashika wiki mbili. Jumapili moja nikaenda nayo Pirates, yaani ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta. Kuna ngamia wa kupanda pale. Sina haja ya kueleza sana: Biskuti alizunguka miguu ya ngamia mara moja na nusu, mwenye ngamia akanitolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na ngamia mwenyewe hakushtuka hata kidogo. Namshukuru ngamia.

Kwa hiyo, nyota moja kwa rangi, nyota moja kwa sababu labda kwenye shamba lako mwenyewe, lisilo na mchanga wala watu wala chumvi ya bahari, itakufaa. Kwa uchochoro, usinunue.

Sasa natumia kamba ya fundi viatu wa Kongowea. Ni mkanda wa nailoni wa begi, upana wa vidole viwili, mita moja na nusu, umekunjwa na kushonwa kitanzi cha mkono, kulabu mwishoni. Shilingi 450, nikangoja hapo hapo. Haina springi, haina kitufe. Biskuti anatembea ubavuni kwangu, na nikiona kanzu au buibui mbele nafupisha mkanda kwa kuuzungusha mkononi mara mbili, nahamia upande wa pili. Saa za kutoka nimebadilisha pia: baada ya watu kurudi kutoka swala ya alfajiri, na usiku baada ya isha. Juzi nilimpeleka Nairobi kwa dada yangu, tukaingia msitu wa Karura, ambako mbwa ni lazima wawe na kamba. Tumbili walimkejeli kutoka juu ya mti na mkanda ukahimili mvuto wote.

Mzee tunasalimiana. Mjukuu wake huniuliza Biskuti yuko wapi, lakini huuliza kutoka kizingitini.

Kasoro ya mkanda huu ni moja. Kulabu ni ya chuma, na kwa hewa yetu hii imeshika kutu ndani ya miezi miwili. Nimemrudia fundi nikamwambia aniwekee ya shaba. Amesema niitafute mwenyewe, yeye atashona kwa 50.