Honda EU22i: ndogo, kimya, lakini haitaki haraka

Umeme wa ZECO (Shirika la Umeme Zanzibar) ukikatika, jenereta hii inatosha taa, feni na friji moja ya duka: wati 1,800 mfululizo, 2,200 kwa muda mfupi tu. Ina kilo 21, mtu mmoja anaibeba.

Kinachoichosha mapema ni kuipa mzigo ikiwa baridi. Pima oili, fungua tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, vuta choki, washa, kisha rudisha choki taratibu. Iache dakika 3 hadi 5 bila mzigo. Ndipo uchomeke friji kwanza, kwani kompresa huvuta umeme mwingi inapoanza, vingine vifuate.

Kabla ya kuzima, chomoa vyote na uiache izunguke dakika 3 ipulize joto nje. Kama itakaa wiki kadhaa, funga petroli injini ikiwa inawaka, imalize iliyomo kwenye kabureta. Petroli iliyolala huacha utando unaoziba jeti, kijitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta. Swichi yake ya injini inaruhusu hilo, na kwa kweli hapo Honda wamefanya kazi nzuri sana.

Tangi la lita 3.6 halifikishi asubuhi kwa mzigo mkubwa. Iwashe nje daima, moshi wake unaua, ila isikae kwenye upepo wa chumvi.