Ukaazi wa Wasanii Pwani ya Mashariki ya Unguja: Fomu, Posho na Mvua ya Masika

Nimeomba mara mbili nafasi ya ukaazi wa wasanii katika nyumba moja iliyoko pwani ya mashariki ya Unguja. Mara ya kwanza nilikataliwa, mara ya pili nikakubaliwa na kukaa wiki sita. Kwa kuwa wasuka ukili wenzangu (ukili ni utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka) na wachoraji kadhaa wa huku Pemba wameniuliza kama fomu ile inastahili kupotezewa usingizi, naeleza hapa huduma yenyewe kama nilivyoikuta. Jina la nyumba nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko na wenyeji wangu ni watu walionitendea wema. Kwa ufupi, nyumba ni nzuri na posho hulipwa kweli, ila fomu yao imeandikwa na mtu ambaye hakupata kufikiri kwamba anayeomba kukaa kisiwani anaweza kuwa amezaliwa kisiwani.

Ukaazi wa aina hii maana yake ni kwamba msanii hupewa chumba, mahali pa kufanyia kazi na muda, bila ya kudaiwa kitu cha kuuza mwishoni. Neno la kutazamwa kwa makini ni lile la ufadhili, kwani kuna nyumba zinazojiita za ufadhili ilhali zinachokutolea ni punguzo la kodi ya chumba, na nyengine hukutoza ada hata kabla ya kuisoma barua yako. Nyumba hii haitozi ada ya maombi, hulipa nauli ya kwenda na kurudi, chumba, milo miwili kwa siku, na posho ya dola 300 kwa muda wote. Hayo yote yameandikwa wazi katika tangazo, jambo ambalo nawasifu nalo, maana nimeona matangazo ambayo hesabu yake huijui mpaka umeshafika bandarini na mzigo wako.

Fomu ni ya Kiingereza pekee na hujazwa kwenye intaneti kwa mkupuo mmoja. Ukiifunga kabla ya kumaliza, kila ulichokiandika hupotea. Mimi niliipoteza mara mbili, mara moja kwa sababu ya umeme na mara nyengine kwa sababu ya bando. Katika ukurasa wa pili mwombaji hutakiwa kuchagua uwanja wa ndege atakaoondokea, na kisanduku hicho ni cha lazima. Mimi ni mtu wa Wete, na safari yangu ya Unguja ni gari mpaka Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba, kisha boti mpaka bandari ya Malindi, mjini Unguja. Bandari haimo katika orodha. Nilichagua uwanja wa ndege wa Pemba ili fomu inipishe, kisha nikaeleza ukweli katika sehemu ya maelezo ya ziada, na matokeo yake ni kwamba baada ya kukubaliwa nilitumiwa barua pepe ya kunikumbusha viza na chanjo. Niliwajibu kwa adabu kwamba nina kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na bibi anayeshughulikia maombi alicheka nami kwa simu siku ya pili yake.

Sehemu ya wadhamini ndiyo itakayowasumbua wengi wetu. Zinatakiwa barua mbili kutoka kwa watu wa taasisi za sanaa zinazotambulika, na mtu aliyefundishwa kazi barazani na shangazi yake hana taasisi ya kuitaja. Barua ya kwanza niliipata kwa afisa utamaduni wa wilaya. Ya pili aliisema shangazi kwa mdomo, nikaiandika kama alivyoisema, akatia dole gumba, nami nikaambatanisha tafsiri. Nilimweleza kwamba naomba mahali pa kukaa wiki sita nikisuka tu, nilishwe na nilipwe. Akaniuliza, "Mwanangu, na wao wanapata nini?" Swali hilo nililitia katika barua yake, na wakati wa usaili waliniuliza mengi zaidi juu ya barua hiyo kuliko ile ya afisa.

Nataka niseme kwa urefu kidogo juu ya picha za kazi, kwa sababu naamini ndizo zilizoniangusha mara ya kwanza. Wanataka picha kumi, kila moja isiyozidi megabaiti 5. Mwaka ule niliitandika mikeka sakafuni usiku, nikaipiga picha kwa simu chini ya taa, na ukindu, yaani jani la kusukia, niliouchovya rangi ya zambarau ukatoka mweusi, mkeka wa mihangaiko ya miezi mitatu ukaonekana kama zulia la plastiki la dukani. Mwaka uliofuata niliitundika mikeka ukutani upande wa nje, wakati wa alasiri, jua likiwa limeshalala, na katika picha tatu nilisogea karibu sana: moja ilionyesha pale ukili mmoja unaposhonwa na mwenziwe, nyengine ukingo, nyengine kosa. Kosa lenyewe ni mahali ambapo nilizidisha mwaa mmoja, yaani uzi mmoja wa jani lililochanwa, na mchoro ukapinda mpaka mwisho wa pima. Niliandika chini yake kwamba ni kosa na kwamba nililiacha. Msanii atakayeomba kwa kazi ya mkono asitume vitu vilivyokamilika tu. Wanaosoma maombi hawajawahi kuuona ukili ukisukwa, na picha ya mkeka mzima haiwaambii kitu kuhusu mkono ulioufanya.

Maelezo ya kazi unayokusudia yasizidi maneno 500. Niliyaandika kwa Kiswahili kwanza, nikampa mpwa wangu tukayafasiri pamoja, na robo nzima ya maneno ikaishia katika kueleza kwamba ukindu ni jani changa la mkindu, kwamba huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi kwa kuchemshwa, kisha husukwa kuwa utepe mrefu uitwao ukili, na kwamba mkeka ni tepe hizo zilizoshonwa pamoja. Nilipowauliza kama wangepokea maelezo kwa Kiswahili, nilijibiwa kwamba majaji wote wanasoma Kiingereza. Sina ugomvi na majaji. Lakini nyumba iliyo Unguja, inayopikiwa na kufuliwa na watu wa kijijini, ingeweza kumweka jaji mmoja anayejua mwaa ni nini.

Usaili ulikuwa wa dakika 30 kwa video, wa heshima na wa watu waliosoma maombi kweli. Swali moja tu lilinishinda kulijibu bila ya kutabasamu, nalo ni namna maisha mapya ya kisiwani yatakavyoibadilisha kazi yangu.

Mkataba usomwe wote. Wa kwangu ulikuwa na kifungu kinachoipa nyumba kazi moja ya msanii na haki ya kutumia picha za kazi zote bila ya ukomo wa muda. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu mwaka 2003, na hakuna kinachomlazimu msanii kuikabidhi haki yake yote kwa ajili ya chumba cha wiki sita. Niliomba picha zitumike kwa miaka miwili na kwa kutajwa jina, na kazi ya kubaki niichague mwenyewe. Walikubali kwa barua ya mistari minne, bila ya ubishi wowote, jambo linalonifanya nidhani kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza.

Sasa nije kwenye majira, ambayo ndiyo kasoro kubwa ya mpango wote. Nafasi za ufadhili ni za Aprili na Mei, kwa kuwa ndio wakati ambao wageni ni wachache na vyumba viko wazi. Kwa mwandishi au mpiga udi masika si tatizo. Kwa anayefanya kazi ya majani ni balaa. Ukindu hutaka jua kavu, na ukianikwa ukapatwa na unyevu hufanya madoa ya ukungu ya kijivu ambayo hata rangi haiyafichi. Nilibeba mafungu manane niliyoyakausha nyumbani, na wiki ya pili mafungu matatu yalikuwa yameshaharibika ndani ya karakana yenyewe, ambayo ni nzuri kwa macho, ina dirisha kubwa la kutazama bahari, na dirisha hilo halina mbao za kufunga. Mpishi aliyaona, akayachukua yaliyobaki bila ya kuniuliza, akayatundika juu ya jiko la kuni jikoni kwake. Mkeka nilioumaliza kule unanukia moshi mpaka leo. Katika fomu hakuna mahali pa kueleza kwamba kazi yako inategemea hali ya hewa, kwa hiyo nashauri liandikwe katika maelezo ya kazi na uombe kwenda Januari au Februari, wakati wa kaskazi.

Posho hulipwa nusu mwanzoni na nusu mwishoni kwa njia ya benki tu. Nusu ya kwanza iliniingilia siku ya kumi na tisa, na kwa siku hizo zote nilikuwa nikitumia akiba yangu. Dola 300 si haba, ila mwombaji mwenye wanaomtegemea ajue kwamba hailipii kile anachokiacha nyumbani: oda za harusi nilizozikataa kwa wiki zile zilikuwa na thamani kubwa kuliko hiyo.

Sharti la kufundisha jamii kwa siku mbili nililiogopa bure. Waliokuja walikuwa wanawake tisa wa kijijini, watu wa makumbi na mwani, na wawili kati yao wanasuka kunishinda. Tuliishia kubadilishana michoro, nikarudi na mmoja ambao huku kwetu sijauona.

Kwa mchoraji, mshairi, au msukaji mwenye majani yaliyokauka vizuri, nafasi hii naipendekeza. Mchongaji wa milango asubiri, maana mlango wa karakana ni wa kupita mtu mmoja kwa ubavu, na ubao wa mfenesi hautaingia.