Maktaba ya kutengenezea roboti za Telegram iliyonyamaza alfajiri ya soko: uzoefu wangu

Anayetafuta maktaba ya msimbo ya kumrahisishia kazi ya kutengeneza roboti ya mazungumzo atakuta hii ninayoizungumzia ni nyepesi kweli kweli kuanza nayo, na sitaki kulificha hilo kwa sababu tu nina hasira. Ukishapewa tokeni, yaani ufunguo wa roboti yako, na BotFather (roboti ya Telegram yenyewe inayosajili roboti mpya), mistari michache ya msimbo wa Python inatosha roboti yako kusalimia watu, kuwauliza swali na kuwapangia vitufe vya kuchagua. Jina lake nalihifadhi. Wanaoitumia wataitambua kwa kilema chake.

Mimi niko Uyole, Mbeya, na roboti yangu ina kazi moja tu: mkulima wa Isyonje au Tukuyu anayetaka kushusha viazi mjini anachagua soko, anachagua kipimo, kisha anapewa bei ya asubuhi hiyo. Kipimo ni jambo zito kuliko linavyosikika, maana sheria inataka gunia lisizidi kilo 100 ilhali lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, bado inaulizwa kila siku, na ukimtajia mkulima bei ya gunia bila kumwambia ni gunia lipi, umemsaidia dalali kumwibia. Kwa hiyo kila kitufe nilikibebesha maelezo kamili ya zao, kipimo na soko.

Masoko yalipokuwa ya Uyole na SIDO peke yake, mambo yalikwenda vizuri hata nikaisifia maktaba hii kwa wenzangu. Nikaongeza Mwanjelwa. Kesho yake alfajiri, saa ambayo magari ya viazi yanapakia, roboti ikawa bubu. Mtu akiandika neno la kuulizia bei anaona ujumbe wake umeondoka, halafu kimya, na kwenye seva hakukuwa na alama yoyote kwamba kuna kilichoharibika. Mama mmoja mfanyabiashara, ambaye ndiye aliyewashawishi wenzake waijaribu, alinipigia simu, na kabla sijamaliza kumwamkia akaniuliza, “Marahaba mwanangu, haka karoboti kako kamenuna? Dalali amesimama hapa ananitajia bei yake, na mimi sina ya kumjibu.” Nilimwomba anivumilie kidogo. Aliuza kwa bei ya dalali, kwa sababu mzigo haukai barabarani kumsubiri kijana anayehangaika na kompyuta.

Chanzo, nilipokipata, ndicho kilichonipandisha hasira. Telegram inataka data inayobebwa na kitufe isizidi baiti 64, ambazo kwa herufi zetu za kawaida ni herufi 64. Kikomo hicho Telegram wenyewe wamekiandika wazi, sina ugomvi nacho, na maneno yangu yote nilikuwa nimeyahesabu yasikivuke. Lakini maktaba hii hutanguliza lebo yake mbele ya maneno yako ili ijue kitufe kikibonyezwa ishughulikiwe kazi ipi, na lebo hiyo inakula nafasi ileile pasipo maelekezo yake kulitaja jambo hilo mahali popote. “Soko-la-uyole” likapenya, “soko-la-mwanjelwa” likazidi. Tena kitufe kimoja kikizidi, Telegram inaukataa ujumbe mzima pamoja na vitufe vyote visivyo na hatia, na inarudisha kosa namba 400 lenye maneno BUTTON_DATA_INVALID. Kosa hilo lingenifikia, nisingechukua muda kulirekebisha. Maktaba ililipokea na kulifungia, kama karani anayetia barua ya malalamiko kwenye droo halafu akaendelea na chai yake.

Nikawaandikia watunzaji wake, kwa adabu, nikiambatisha msimbo mfupi ambao yeyote angeuendesha na kuliona tatizo kwa macho yake. Jibu lilikuwa sentensi moja: nifupishe majina ya masoko yangu. Baada ya hapo lalamiko likafungwa. Nifupishe Mwanjelwa! Kufupisha si kazi, na kwa kweli sasa hivi roboti yangu inaendelea kuhudumia watu kwa vifupisho vya herufi tatu tatu. Nililouliza ni kwa nini programu yangu ifichwe kosa ambalo Telegram imekwisha kulitamka, na hilo halikuguswa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota nne, nikijua kwamba watu hawa wanajitolea na hawanidai hata senti. Bado naamini kwamba ukitaka roboti ya kuchangamsha kundi la marafiki, hutajuta kuichukua. Lakini kwa roboti ambayo mtu anaitegemea auze mzigo wake, nashauri uandike mwenyewe maombi ya sendMessage (amri ya Telegram ya kutuma ujumbe) na kuyatuma Telegram moja kwa moja. Msimbo utakuwa mrefu zaidi, ila kosa likitokea utalisoma mwenyewe. Hivi karibuni wametoa toleo jipya, na kwa kuwatendea haki nimelifungua kabla ya kutuma maoni haya nikidhani labda wamesikia. Lebo ipo palepale, kosa linamezwa vilevile, na kilichoongezwa ni njia ya kupamba vitufe kwa emoji. Nyota mbili. Hapana, moja.